Kamba ya Bwana DC

Juzi niliona kamba ya kupandia milima ikining'inia kwenye duka la mitumba mtaani St Marys, huku ughaibuni tunakoishi, nikakumbuka siku ile nyumbani kwa mzee wa Kizungu ambaye mama yangu alikuwa akimuuguza.

Mzee huyo aliwahi kuwa DC, yaani mkuu wa wilaya, Kenya enzi za mkoloni, na aliipenda milima kuliko ofisi yake. Uzeeni akili yake ilikuwa ikirudi huko. Mimi sikujua hayo. Nilikuwa na miaka saba, shule zimefungwa, na mama alikuwa jikoni akipasha supu. Sebule ilinuka dawa ya kuchua. Ukutani palining'inia kamba na shoka jembamba lenye ncha.

"Wewe! Lete kamba!" mzee akaniamuru kutoka kitini.

Sikuwahi kusikia Mzungu akisema Kiswahili. Nikaileta. Akanifunga kiunoni haraka, ncha ya pili akajifunga mwenyewe, huku pumzi zikimkoroma kifuani. "Usitazame chini." Nikatazama, nikaona zulia tu. Niliamini ananipeleka jela. Nikajikojolea.

Mama alipoingia aliweka bakuli mezani. "Bwana DC," akasema polepole, "tumeshafika kambini. Mfungue mtoto."

Akanifungua. Kwenye treni ya kurudi kwetu Blacktown, mama alinipakata mpaka tukashuka.

Sasa najua wapanda milima hufungana hivyo ili mmoja akiteleza mwenzake amshike. Nilimpigia mama simu nikamwambia hayo, huku nikicheka. Yeye hakucheka.

"Babu yako pia alifungwa kamba na DC," alisema. "Na hapakuwa na mlima."