Nyota Chini ya Mtutu

Bi Delphia Stroud aliachiwa duka la vyuma na marehemu mumewe huko Kentaki, Marekani, na kwa miaka ishirini aliuza misumari, pampu, na bunduki za marisau zenye jina la duka ubavuni: Stroud Bora. Duka lenyewe halikuwahi kutengeneza hata koleo. Kiwanda cha mbali kilipiga chapa jina lolote uliloagiza, lakini wakulima waliapa kwamba marehemu alizifua kwa mikono yake kabla hajafa. Delphia aliwaacha waape.

Machi moja akaingia Lonzo Tackett, bunduki kwapani. Springi ya nyundo ya kufyatulia risasi imekatika, na mbweha amemaliza kuku kumi na mmoja. Wamebaki tisa, na mayai ndiyo riziki yake na mkewe.

"Mumeo aliiunda, Bi Delphia. Niundie springi."

"Mume wangu hakuweza kunoa kisu cha mkate! Nikiagiza, ni wiki tatu. Kaombe springi kwa shemeji yako Burl. Bunduki yake ilivunjika kitako, imelala ghalani."

"Ile Mfalme wa Milima? Takataka ya duka la ng'ambo ya mto! Heri kuku waishe."

Delphia aliigeuza bunduki mkononi. Akisema ukweli, sifa ya marehemu inakwenda na maji, na biashara nyuma yake. Asiposema, Lonzo atabaki na manyoya. Akachukua bisibisi, akafungua ubao wa chini ya mtutu, akamwonyesha nyota ndogo, alama ya kiwanda, iliyopigwa kwenye chuma.

"Kafungue na ya Burl. Ukikosa nyota hii, nakupa bunduki mpya bure."

Lonzo alikodoa macho. "Miaka kumi na mitano namtukana shemeji kwa bunduki yake!"

"Ulikuwa unaitukana yako. Nenda, mbweha hangoji."

Burl alitoa springi, ila kwanza alimketisha Lonzo mezani na kumtamkisha mara tatu, mkewe Lonzo, dada yake Burl, akisikia, kwamba Mfalme wa Milima ni bunduki ya maana. Asubuhi ya pili ngozi ya mbweha ilianikwa uani kwa Lonzo.

Kufika Jumamosi wanaume walijipanga dukani, bunduki mabegani, wakitaka zifunguliwe waone nyota. Wawili walimwita Delphia mwongo mbele ya watu, kwa kuwaacha waape miaka yote.

"Sawa, mimi mwongo," alisema, akipokea bunduki iliyofuata. "Nawe una nyota. Mwingine!"