Sina Homa, Sista

Sista Teresia Waisiko hatamki neno homa. Kwenye chumba cha kemo, tunakotundika dripu za dawa za saratani hapa Tarime, atakwambia "mwili ukichemka," au "baridi ikikutetemesha," na mgonjwa mgeni anaweza kudhani nesi huyu Kiswahili kinampiga chenga. Anakijua vizuri sana. Nimefanya naye kazi miaka mingi na mdomo wake naujua. Daktari akichelewa husemwa kama mchungaji aliyeacha ng'ombe waingie kwenye mahindi ya jirani.

Kazi yenyewe inamtaka mtu wa hivyo. Saratani ya mitoki huanza na uvimbe usiouma, shingoni au kwapani, na watu huupuuza. Ile dripu ya dawa inayowinda chembe za saratani zenyewe unaianza polepole, umekaa karibu, maana mgonjwa anaweza kuanza kutetemeka ghafla. Ile dawa nyekundu ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama. Lakini hatari kubwa inamngoja nyumbani, siku kinga ya mwili imeshuka na kijidudu kidogo tu kinatosha kuua. Ndiyo maana zamani Teresia alikuwa akiwaaga wagonjwa wote hivi: "Ukipata homa, nipigie."

Mgonjwa wetu Awino, muuza mitumba wa Sirari, hakupiga. Teresia akampigia mwenyewe kumjulia hali.

"Nimepimwa zahanati, sista," alisema Awino. "Sina homa."

"Vizuri," Teresia akajibu.

Huku kwetu homa ni malaria. Ukichomwa kidole na kipimo kikakataa, basi huna homa, hata kama chai inaweza kuchemka mgongoni mwako. Teresia ni mzaliwa wa Matongo, maana hiyo ameisikia tangu utoto, na bado siku ile ilimpita. Awino alizikwa wiki hiyohiyo.

Tangu hapo anaisikia ile sauti ya Awino. Chumba kikitulia, dripu zinadondoka, utamwona anageuka mlangoni kama mtu aliyeitwa. Halafu ikawa kweli kuna mtu mlangoni. Mama Abonyo, mama mzazi wa Awino, alianza kuja kila siku ya kliniki na kukaa kwenye benchi la mlangoni. Hana mgonjwa, hana shida anayoisema.

"Shikamoo, mama," Teresia humwamkia.

"Marahaba," hujibu, na yanaishia hapo.

Siku moja Teresia alinivuta kando. "Amekuja kunidai mwanawe," aliniambia. Nilimwambia aache ujinga. Ukweli ni kwamba hata mimi nilikuwa namwogopa yule mama.

Jumanne iliyopita alikuja Gati, kijana mfugaji wa Busawe, kwa ajili ya dawa yake. Alikuwa ameshika ukuta, macho mazito. Hatujamuuliza lolote, akasema, "Nimepitia zahanati, nimepimwa. Sina homa, sista."

Teresia aliganda, kipimajoto mkononi. Nilimwita, hakusikia. Aliyeinuka ni Mama Abonyo. Aliweka kiganja kwenye shingo ya yule kijana, na akakiacha palepale.

"Anaungua," alisema.

Hapo Teresia akazinduka. Kipimajoto kilikubaliana na mama. Kemo tuliisitisha, tukachukua damu ya maabara, na dawa ya kuua vijidudu ikaingia mshipani hapohapo. Kesho yake Gati alikuwa anaulizia ugali na kulalamika kwamba uji wetu ni maji.

Lakini Jumanne ileile, kabla mama hajaondoka, Teresia alienda kwenye benchi, akakaa kando yake. Nadhani alikuwa amechoka kuogopa.

"Mama, unanidai nini?"

Mama Abonyo alikitazama kiganja chake. "Sikudai, nyathina, mwanangu. Siku ile simu ilikuwa kwa spika. Mimi nilikuwa nimemshika Awino shingoni, hivihivi. Alikuwa anaungua, nilitaka kukwambia. Halafu nikakusikia ukisema vizuri."

Akavikunja vidole.

"Nikaondoa mkono."