Njoki na Baridi ya Mara Mbili

Njoki aliuza miche ya miti Kiganjo. Yeye na kaka yake Wamae walizaliwa na ualbino. Wamae alichuma majani ya chai kichwa wazi, juani, miaka nenda miaka rudi, hadi kidonda cha shingoni kikageuka saratani na kumwondoa akiwa bado kijana. Tangu wamzike, kila doa jipya mwilini lilimnyima Njoki usingizi.

Kwa hiyo gamba la ngozi liliporudi juu ya jicho lake, palepale palipogandishwa kwa baridi kali hospitalini mwaka uliotangulia, alijua hana wakati wa kupoteza. Akaenda kliniki ya ngozi mjini Nyeri.

Daktari Karambu alilipapasa lile gamba. "Walikugandisha mara ngapi?"

"Mara moja, daktari. Walipuliza kidogo wakaniambia niende."

"Wakati mwingine haitoshi. Ngozi ya juu inakufa, ya chini inabaki. Mimi nitagandisha mpaka barafu ivuke ukingo wa gamba, tungoje iyeyuke yenyewe polepole, kisha nirudie. Kule kuyeyuka polepole pia kunaua seli mbovu."

Lakini mtungi wa naitrojeni, kile kimiminika baridi cha kugandishia, ulikuwa mkavu, na gari la kuileta halikuwa limefika. "Itabidi urudi mwezi ujao," daktari akasema kwa huzuni.

Wamae naye alizoea kusema mwezi ujao kila alipohimizwa aende hospitali. Njoki akatoka hadi ukumbini, akampigia simu Gikonyo, jirani yake anayepandisha ng'ombe kwa mbegu zinazohifadhiwa mtungini kwa naitrojeni hiyohiyo.

"Gikonyo, ile maji yako ya baridi uko nayo?"

"Niko nayo, nimejaza sasa hivi hapa Nyeri. Kwani ng'ombe yako inalia kutaka dume?"

"Si ya ng'ombe. Ni ya mimi."

"Nakuja."

Alikuja na mtungi mpya ambao haujawahi kuwekwa mbegu. Daktari aliukagua, akauliza maswali yake, akaridhika. Baridi ya kwanza ilimchoma Njoki hadi kwenye fizi. Wakangoja. Ngozi iliporudi kuwa laini, maumivu yakazidi, na hapo ndipo daktari alipopuliza tena. Njoki alishika ukingo wa kitanda, machozi yakimtiririka.

Alipokuwa akimfunga bandeji, daktari aligusa gamba lingine lililovimba nyuma ya sikio lake, akakunja uso.

"Hili siwezi kuligandisha. Linaonekana limeshuka ndani, na barafu haitalifikia. Litakatwa."

"Na sikio?"

"Utapoteza sehemu yake."

"Basi kata," Njoki akasema.

Alifanyiwa upasuaji kabla ya mvua za Machi. Juu ya jicho pamebaki kovu jeupe, laini, na kila anapopimwa gamba halijarudi. Sikio limepungua. Wiki za kwanza alilificha kwa kitambaa. Siku hizi, jua likishafunikwa na mawingu, hukivua akaendelea kumwagilia miche yake.