Ukuta Ulioinama Kireka

Tangu giza liingie nilikuwa nimeketi nyuma ya mlango, nikingoja habari za mwanangu Nashon. Mchana ukuta wa machimbo ya Kireka ulikuwa umeteleza, yeye na fundi wake Oryem wakiwa chini. Sisi wanawake tulifukuzwa pale, tukaambiwa tungoje nyumbani.

Oryem alikuwa Mwacholi aliyekimbia vita vya kaskazini, akajifunza kupasua mawe hapa Kampala. Mwembamba, mtani. Kila asubuhi aliionja chai niliyouza pale machimboni, akauliza kama sisi Wakenya huchemsha mto mzima kwa jani moja. Kisha aliupapasa ukuta kwa kiganja kabla ya kuupiga, kama mtu anayempima mtoto homa.

Siku moja mwalimu wa sekondari alileta wanafunzi wake. Nilisikiliza huku nikimimina chai. Alisema jiwe lile zamani sana lilikuwa tope chini ya maji. Lilifukiwa chini kabisa, joto likalipika bila kuliyeyusha, uzito wa yaliyo juu ukalikandamiza, mpaka likawa jiwe jingine, na chembe zake zinazometameta zikalala upande mmoja kama kurasa. Ndiyo maana hupasuka kwa kufuata mlalo huo. Kule juu ya kilima, mchanga ulipikwa vivyo hivyo ukawa jiwe jeupe, gumu. Oryem alicheka, akasema kumbe naye ni mpishi.

Maana pale mawe yalipasuliwa kwa moto. Matairi chakavu kutoka gereji za Kisenyi yaliwashwa chini ya jiwe, likaachwa lipoe hadi kesho yake, na kabla ya hapo hashuki mtu. Ukuta wa mashariki ulikuwa rahisi kuliko zote, kwa sababu kurasa zake ziliinama kuelekea shimoni. Mimi sikuupenda. Nilimwambia Oryem kwamba kinachofunguka upesi hivyo, siku moja kitajifungua chenyewe.

“Mama Nashon, hii jiwe ilipikwa na Mungu,” akasema. “Moto yangu mimi ni ya kuota tu.”

Siku ukuta ulipoteleza, lori la mnunuzi lilifika mapema, jiwe likiwa bado moto, na mvua ikaanza. Dereva alinung'unika. Oryem na Nashon wakashuka. Nikaona mvuke ukitoka kwenye nyufa za juu, mahali ambapo hapakuwashwa kitu, nikamwita Nashon. Alinipungia mkono. Tabaka zima likateleza, taratibu kwanza, kama sahani juu ya sahani.

Sasa hatua zilisimama nje. Nashon hapigi hodi kwangu. Husukuma tu, akiulizia chakula.

“Mama Nashon, ni mimi Oryem. Fungua.”

Nikamuuliza yuko na nani.

“Fungua kwanza,” akasema. Nilimsikia akipumua. Nikalishika komeo kwa mikono miwili, nikalizuia, ili habari aliyoileta isiingie.