Leo Burma Nimepokonywa Chui Milia Wangu

Leo nimeaibika kwenye nyama choma za soko la Burma, hapa Nairobi, mdomo umejaa mbavu za mbuzi.

Mnamjua chui milia wangu, yule ninayejisifu kwamba nilimkazia macho. Yule wa miaka ya themanini, shirika la reli lilipotutuma India kwa mafunzo, mimi na Mutua, makarani wawili wa mtaa wetu wa Makongeni. Tukazuru mbuga, tukapanda ngome kuukuu, tukalala loji.

Sasa nitubu: chui alipotokea, nilijitupa sakafuni mwa gari, macho nimefumba. Milia na meno nilisimuliwa na Mutua jioni ile.

Basi leo nasimulia tena, wazee wametulia, mara Mutua huyo anaingia! Hatujaonana tangu astaafu.

"Mutua, hebu sema wewe!" mzee mmoja akadakia.

Nikaacha kutafuna.

"Huyu? Alimkazia macho mpaka mnyama akageuka!"

Nikamvuta kando. "Asante kwa kunisitiri, ndugu yangu."

"Nikusitiri? Nimejisitiri mwenyewe! Kwani mle garini ulimlalia nani?"

"Nilidhani ni mizigo!"

"Mizigo ni mimi."

"Na ile milia uliyonisimulia?"

"Kulikuwa na picha ukutani pale loji."

Watu wa Makongeni, mniwie radhi kwa miaka yote hiyo.

Ila Mutua anaapa picha yenyewe ilitisha.