Fundi Njoo-Ijumaa

Jina lake kamili, kama mtaa ulivyompa, ni Fundi Njoo-Ijumaa, binti wa mshona mahema, mjukuu wa mwanamke aliyeshona sare za shule nzima kwa mkono. Yeye mwenyewe amewavisha mabibi harusi wasiohesabika, na hakuna hata mmoja aliyepata gauni siku aliyoahidiwa.

"Njoo Ijumaa," alikuwa akisema, pini mdomoni.

"Ijumaa ipi?"

"We njoo tu!"

Kifafa alikuwa nacho tangu utotoni, akakizoea kama mtu anavyomzoea mpangaji mkorofi. Lakini mwaka mmoja kilimwangusha mbele ya wateja, akimpima mtu kiuno. Alipozinduka, tepu ilikuwa mkononi na duka tupu. Wengine wakaja baadaye kuchukua vitambaa vyao, wakivishika kwa ncha za vidole, kana kwamba kifafa huambukiza.

Kuanguka hakukumshinda. Kilichomshinda ni vile vidole. Usingizi ukamhama, chakula kikawa pamba mdomoni, na wazo likaja likakaa: kwamba watu wake wangepumua kama yeye asingekuwepo duniani.

Ila hakutaka kuondoka na kitambaa cha mtu. Akashona wiki nzima, akapeleka nguo nyumba kwa nyumba. Watu wakacheka, wakasema fundi amestaarabika. Wifi yake tu, mke wa kaka yake, muuza mkaa, alipokea gauni siku tisa kabla ya wakati, akaligeuza asione hata uzi unaoning'inia, akaogopa.

Akaja dukani mbio, mikono myeusi.

"Wifi, miaka kumi na tisa hujawahi kuniwahishia nguo. Una nini?"

"Hata kuwahi ni kosa?"

"Kwako wewe, ndiyo. Usinifiche. Unataka kufa?"

Fundi alidhani ataona aibu. Badala yake alijisikia kama aliyefunguliwa mkanda uliombana. Akalia.

"Ndiyo, wifi."

"Funga duka. Twende hospitali, sasa hivi. Na leo unalala kwangu."

Muuguzi alimwambia jambo ambalo hakuwahi kuambiwa: huzuni ile huwapata wengi wenye kifafa, ni ugonjwa, na una tiba. Dawa zikaangaliwa upya, akapata na mtu wa kuzungumza naye kila wiki. Hakupona kwa siku moja. Miezi mingapi wifi aliuza mkaa mlangoni pa duka ili tu amwone, vumbi likaingia kwenye vitambaa vyeupe, wakagombana kama paka!

Leo ana mvi. Kila asubuhi anamshukuru Mungu, kisha wifi, ingawa wifi anadai mpangilio umekosewa.

Juzi amemkabidhi duka binti wa wifi, fundi mzima mwenye watoto wake. Akampa ufunguo, mkasi, na gauni lisilo na upindo.

"Hili la nani, shangazi?"

"Langu. Nililianza mwaka ule niliporudi kutoka hospitali. Usilimalize, acha linisubiri, maana siondoki na nguo haijaisha. Kazi yako ni nyingine. Ukimwona mtu anarudisha vya watu harakaharaka, anaagaaga, muulize waziwazi kama mama yako alivyoniuliza, kisha usimwache peke yake. Na hiyo, mwanangu, usingoje Ijumaa."