Mstari wa Jirani Yangu Kando ya Nzilo

Miaka ile migodi ilipoanza kulala, Kolwezi nzima ilishuka ziwani. Naapa, hata mapadri walikuwa na majembe. Mishahara ilikatika, mashine zikanyamaza, na sisi tuliozoea kukwangua shaba tukaanza kukwangua ukingo wa Nzilo, tukipanda mahindi na kabichi mpaka ndani ya matope.

Nzilo si ziwa la Mungu. Ni mto Lualaba uliozuiwa kwa bwawa. Asubuhi, ukungu ukikaa juu yake, vilele vya miti iliyozama kitambo huchomoza kama watu waliosimama wakingoja kuitwa. Nilikuwa nalisahau jembe mkononi. Mtumbwi ukipita, ulipita bila sauti, kana kwamba unavutwa na mawazo ya mwenyewe.

Ng'ambo walikaa wavuvi. Samaki walipopungua, walivuka kuja kwetu, wakiongozwa na mama mmoja mkausha samaki ambaye sauti yake ingepasua mwamba bila baruti.

"Nyiye batu ba mashimo, munalima mu kitanda ya samaki," alisema. "Matete ile munakata, njo mule samaki anazalaka. Tusikilizane, ao sisi wote tutakula majani."

Tukaunda komite ya kando zote mbili. Mimi nilikuwa nimemaliza shule ya jioni, na diploma yangu niliibeba kila mahali kama mtoto mchanga, basi wakanifanya sekretere, mwandishi wao. Kazi ya komite ilikuwa moja: kupiga vijiti kuonyesha mashamba yanaishia wapi, na matete ya chini yake yaachwe.

Mpimaji tulikuwa naye. Jirani yangu wa Musonoi, mtaa wetu wa watu wa mgodi, alikuwa amevuta mnyororo wa kupimia mgodini miaka mingi. Baba yake alitoka Kasai, mkoa mwingine. Yeye mwenyewe alizaliwa nyumba ya pili kutoka kwetu. Alitembea ukingoni siku tatu, akisoma alama za tope zilizoachwa na maji ya masika kwenye magogo, kisha akapiga vijiti vyake juu kabisa, karibu na barabara. Shamba langu lote likabaki upande wa samaki.

"Tata, unapimia samaki ao tembo?" nikamuuliza.

"Sekretere, sasa ni kiangazi. Mayi inalala. Itaamuka."

"Ukingo ni ukingo."

"Ya shimo, ndiyo. Ya ziwa inatembeaka."

Wakati huohuo wakubwa walikuwa wakisimama majukwaani kusema kila mtu arudi kwa babu yake. Mawe yalianza kuanguka kwenye mabati ya watu wa asili ya Kasai. Jirani yangu alifungasha, akaenda na watoto wake kungoja treni stesheni, pamoja na umati ambao, kwa macho yangu, ulifika hadi Dilolo, mpakani mwa Angola.

Mkutano ulipokaa, mtu wa upande wetu akasema, "Mustari ya Mukasai? Hatuitake." Wakanitazama, maana kalamu ilikuwa kwangu. Nilijua jirani yangu hakosei vipimo. Lakini niliyafikiria yale mawe, na, niseme kweli, nilizifikiria kabichi zangu. Nikaandika mstari wa chini, hatua chache tu kutoka pale maji yalipoishia siku ile.

Nilimpelekea kabichi mbili stesheni. Alikuwa amekaa juu ya godoro lililokunjwa.

"Mumeandika wapi?" akauliza.

"Chini."

"Basi utavuna samaki, sekretere."

Akacheka. Nami nikacheka, nikitazama viatu vyangu. Siku chache baadaye treni iliwachukua.

Mvua zilipokuja, maji yaliamka. Vijiti vyetu vilizama, mahindi yangu yakasimama ndani ya ziwa kama ndotoni, na kambale wakaingia kutaga katikati ya mabua. Tuliwachota kwa vikapu, matumbo yamejaa mayai. Nilikula samaki mpaka nikajipapasa mgongoni kutafuta mapezi. Mwaka uliofuata nyavu za ng'ambo zilitoka tupu, na za kwetu pia.

Yule mama akavuka tena. Safari hii hakupaza sauti, na hilo lilinitisha zaidi. Tulipanda naye mpaka karibu na barabara kutafuta vile vijiti vya kwanza, lakini watu walikuwa wameshavipikia.

"Mupimaji wenu iko wapi?"

Kila mtu akatazama maji.

"Tulimufukuza, mama," nikasema. "Na karatasi niliandika miye."

Aligeukia mashamba ya chini. "Shamba yako ni gani?"

Nikamwonyesha.

"Tuanze na ile."

Kabichi nilizopanda tena maji yaliposhuka nilizing'oa kwa mikono, moja moja, wavuvi wakizipanga mtumbwini. Mchana kutwa tulibishana mbele ya magogo yenye tope, kila mtu akisoma anavyojua, kisha tukapiga vijiti vipya. Matete yamerudi, na samaki nao kidogo kidogo. Kama tulipapata hasa pale jirani yangu alipopiga vyake, sijui mpaka leo.